Kutafuta Moto Ndani ya Maji

Manyovu ni mji mdogo wa milimani katika nchi ya Waha, karibu na mpaka wa Tanzania na Burundi. Zamani ulikuwa katika Wilaya ya Kasulu, na tangu mwaka wa 2012 umo katika Wilaya ya Buhigwe. Barabara itokayo Kigoma hupanda yapata kilomita 60 mpaka kuufikia, na mafuta yaendeshayo motokaa katika barabara hiyo huwa yamekwisha kusafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Lakini nchi yenyewe haina kiu. Mvua zake ni nyingi, mabonde yake yana vijito, na mito ya Kasulu na Kibondo hushuka kuingia Malagarasi, na Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Basi ni nchi iliyojaliwa maji ikanyimwa petroli, na mtu aishiye katika nchi ya namna hiyo hana lawama akiuliza kama maji hayawezi kufanya kazi ya petroli.

Swali hilo si la Manyovu peke yake, wala si la leo. Katika miaka ya karibuni limeenea duniani kwa sura ya chombo kidogo kinachoundwa nyumbani: mabamba ya chuma hupangwa ndani ya kopo au mtungi, hutiwa maji yaliyochanganywa na dawa ya kupitisha umeme, kisha huunganishwa na betri ya motokaa. Umeme huyachana maji yakawa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni, na gesi hizo huongozwa kwa mpira mpaka kwenye njia ya hewa ya injini. Mafundi wengi wametumia siku na fedha zao kutafuta namna ya kukifanya chombo hicho kitoe gesi nyingi zaidi. Kusudi la makala haya ni kuieleza historia ya jitihada hiyo, kuipima, na kuona nchi kama Buha inaweza kupata nini kwayo.

Uhaba wa nishati ya kuendeshea vyombo ni mzee kuliko motokaa zenyewe katika sehemu hizo. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka wa 1914, na mara Vita Kuu ya Kwanza ikaanza. Meli za Wajerumani ziwani zilikwenda kwa mvuke, na mvuke ulitaka kuni. Waingereza waliwajia kwa mashua mbili za petroli, Mimi na Toutou, zilizovutwa nchi kavu kupitia Kongo mpaka ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka meli ya Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Mwezi wa Julai mwaka huo Wajerumani wenyewe waliizamisha Graf von Götzen karibu na Kigoma wasije wakaiacha mikononi mwa adui; meli hiyo iliinuliwa mwaka wa 1924, ikarudishwa kazini mwaka wa 1927 kwa jina la Liemba.

Katika vita hivyohivyo walowezi wa Kijerumani wa Morogoro, walipozuiliwa na manowari za Kiingereza wasipate shehena kutoka ng'ambo, walitengeneza kwa nazi kitu mfano wa petroli wakakiita Trebol. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck amekitaja katika kumbukumbu zake. Trebol haikuwa ndoto. Nazi ina mafuta, na mafuta yana nishati ambayo mnazi uliipokea kwa jua. Kazi ya fundi ilikuwa kuigeuza nishati iliyokwisha kuwamo. Tofauti hii kati ya kuigeuza nishati na kuiumba pasipokuwa na kitu ndiyo mizani ya habari yote inayofuata.

Baada ya vita motokaa zilianza kupanda milima ya Buha polepole. Kwa muda mrefu miguu ilikuwa ndiyo chombo cha kusafiria: Waha kwa maelfu walitoka makwao kwenda kufanya kazi katika mashamba ya katani ya Tanga. Mwaka wa 1944 wenye mashamba waliunda Silabu, shirika la kuandika wafanyakazi, na safari ile ya miguu ikazidi kuwa safari ya lori na gari la moshi. Kahawa nayo ilipoenea katika vilima vya Manyovu ilitaka lori la kuiteremsha. Hivyo kila hatua ya maendeleo iliifunga nchi kwa kamba moja, nayo ni pipa la mafuta litokalo pwani.

Kamba hiyo imetikisika mara nyingi. Bei ya mafuta duniani ilipanda ghafla mwaka wa 1973, ikapanda tena mwaka wa 1979, wakati Tanzania inatoka katika vita vya Kagera na hazina yake haina fedha za kigeni. Katika miaka iliyofuata serikali ilikataza motokaa zisizo na kibali kwenda njiani siku za Jumapili baada ya saa nane mchana. Mwezi wa Julai mwaka wa 1996 nchi jirani zilitangaza vikwazo vya biashara juu ya Burundi, vikadumu mpaka Januari 1999. Katika miaka ya 2024 na 2025 Burundi ilipungukiwa mafuta vibaya, watu wakalala katika misururu ya vituoni, na dumu la petroli likawa mali ya magendo katika mipaka yake. Ajabu ingekuwa kama katika mazingira kama hayo hakutokea mtu wa kuyatazama maji ya mtoni kwa jicho la tamaa.

Elimu ya kuyachana maji kwa umeme ilizaliwa Ulaya. Henry Cavendish aliipambanua haidrojeni mwaka wa 1766. Mwaka wa 1783 Antoine Lavoisier alionyesha ya kuwa maji si kitu kimoja kisichogawanyika, bali ni muungano wa gesi hiyo na oksijeni. Mwaka wa 1800, mara tu baada ya habari za betri ya Alessandro Volta kufika London, William Nicholson na Anthony Carlisle waliyachana maji kwa umeme wa betri. Miaka 7 baadaye Isaac de Rivaz, aliyeishi Uswisi, alipata hataza ya injini iliyopigwa kwa haidrojeni na kuwashwa kwa cheche. Kwa hiyo haidrojeni iliendesha injini kabla petroli haijawa na kazi hiyo. Asemaye kwamba injini haiwezi kwenda kwa haidrojeni haijui historia.

Lakini mwaka wa 1834 Michael Faraday alitangaza kanuni ambayo hakuna fundi aliyeivunja tangu siku ile. Alionyesha kwamba kiasi cha gesi inayotoka hufuata kiasi cha umeme unaopita, wala si ukubwa wa chombo, wala si ustadi wa maneno. Ampea 30 zikipita katika seli moja kwa saa 1 hutoa haidrojeni yapata lita 12 na nusu, zikipimwa katika baridi ya nyuzi sifuri. Mabamba yakisuguliwa, maji yakibadilishwa, mtungi ukipambwa, seli hiyo haitazidisha hapo hata kidogo.

Hata hivyo ufundi una nafasi yake, nayo ni kubwa. Faraday aliweka mpaka wa gesi, hakuweka mpaka wa upotevu, na historia ya kuiboresha seli ni historia ya kupunguza upotevu. Maji huanza kuchanika kwa volti 1.23, na kazi hiyo hufanyika pasipo kupoa wala kupata moto kwa volti 1.48 hivi. Mtu akiunganisha mabamba mawili moja kwa moja na betri ya volti 12, sehemu kubwa ya umeme wake hugeuka joto, na baada ya muda mfupi mtungi huchemka. Dawa yake ilijulikana zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 wahandisi wa Ulaya walipanga mabamba mengi kwa mfululizo, kila bamba likiwa upande mmoja hasi na upande wa pili chanya, hata volti zote zikagawanyika sawasawa. Fundi wa leo anayeweka seli 6 kwa mfululizo ili kila moja ipate volti 2 na ziada hufanya lilelile, na gesi yake kwa umeme uleule huwa mara 6 ya ile ya seli moja.

Jambo la pili ni dawa itiwayo majini. Maji matupu hayapitishi umeme vizuri. Nchi ya Kigoma ina chumvi mashuhuri ya Uvinza, iliyochemshwa kutoka katika chemchemi karibu na mto Malagarasi kwa zaidi ya miaka elfu, na mtu angedhani ndiyo dawa iliyo karibu. Kumbe ndiyo isiyofaa. Umeme ukipita katika maji ya chumvi hutoa klorini, gesi ya sumu ichomayo mapafu, nayo hula mabamba. Kifaacho zaidi ni potashi kali, ambayo kwa uzito wa sehemu 30 hivi katika 100 hupitisha umeme kwa wepesi kabisa. Asili ya potashi ni majivu ya kuni, yaleyale ambayo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki huchujwa maji yake kwa kupikia mboga. Lakini ile potashi iliyokwisha kutiwa makali huunguza ngozi na kupofusha macho, na mwenye kuichezea bila miwani na glavu huhatarisha viungo vyake.

Jambo la tatu ni mabamba yenyewe: yawe ya nikeli au ya chuma cha pua kisichoshika kutu, yasuguliwe ili mapovu yaachane nayo upesi, yakaribiane pasipo kugusana. Jambo la nne ni usalama. Haidrojeni na oksijeni zikitoka pamoja katika mpira mmoja ni baruti iliyokwisha kuchanganywa. Cheche moja ikirudi nyuma kutoka katika injini hupasua mtungi mzima, na kwa sababu hiyo gesi lazima ipitishwe kwanza chini ya maji katika chupa nyingine. Luteni Boris Shelishch wa jeshi la Kisovieti alilijua jambo hili mwaka wa 1941, Leningrad ilipozingirwa. Petroli ilikuwa imekwisha, akaziendesha injini za winchi kwa haidrojeni iliyotumika tayari katika maputo ya ulinzi, na baada ya ajali akaweka kizuizi cha maji katika njia ya gesi. Lakini gesi aliyoitumia Shelishch ilikuwa imetengenezwa kiwandani mbele ya hapo. Injini zake hazikuitengeneza zenyewe.

Hapa ndipo hesabu inapohukumu. Chukua chombo kizuri kabisa cha seli 6, kinachotumia ampea 30 kwa volti 14. Kwa saa 1 kitatoa haidrojeni lita 75 hivi, na haidrojeni hiyo ina nishati sawa na petroli isiyozidi mililita 25, yaani pungufu ya vijiko viwili vya mezani. Umeme uliotumika umetoka katika jenereta ya motokaa, jenereta imezungushwa na injini, na injini imekula petroli. Injini ya kawaida hugeuza robo hivi ya petroli yake kuwa nguvu, na jenereta hugeuza sehemu 6 katika 10 za nguvu hiyo kuwa umeme. Basi kuupata umeme huo petroli iliyochomwa ni karibu theluthi ya lita, ili kupata badala yake vijiko viwili. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini hawakusema habari za kibaba kilichotoboka chini.

Sababu yake si ubaya wa mafundi. Maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua. Ni kama majivu ya moto uliozimika. Kuyarudisha majivu yawe kuni hutaka nguvu ileile iliyotoka kuni zilipoungua, na zaidi ya hiyo, kwa kuwa katika kila hatua joto hupotea. Kwa hiyo chombo kikiboreshwa mara elfu, kitaukaribia ukomo wake, lakini hakitauvuka.

Watetezi wa chombo hicho wana jibu. Husema kwamba haidrojeni haikutiwa iwe chakula cha injini, bali iwe kiungo, iifanye petroli iungue vema zaidi. Neno hili halikuzuka bure. Mwaka wa 1974 wahandisi wa Maabara ya Jet Propulsion huko California walieleza injini iliyolishwa haidrojeni pamoja na petroli, ikaweza kwenda kwa mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko kawaida. Lakini haidrojeni yao ilitolewa katika petroli yenyewe, kwa kiasi kikubwa mno kuliko kinachotoka katika mtungi wa betri, na injini ilirekebishwa kwa kusudi hilo. Idara ya Ulinzi wa Mazingira ya Marekani kwa miaka mingi imepima vifaa zaidi ya 100 vilivyosemwa kwamba hupunguza ulaji wa mafuta, ikaona vichache tu vyenye faida, tena ndogo. Dereva aliyefunga chombo kipya hukanyaga mafuta kwa upole kwa sababu anakitazama chombo chake, na akiba anayoipata ni ya mguu wake.

Palipo na shida, walaghai nao hawako mbali. Huko Ohio, Stanley Meyer alidai kuwa na motokaa iendayo kwa maji. Mwaka wa 1996 mahakama iliamua kwamba amefanya ulaghai, ikamwamuru kuwarudishia wawekezaji wawili dola 25,000. Mwaka wa 2007, Zimbabwe ilipokuwa imekaukiwa mafuta, mganga mmoja wa karibu na Chinhoyi aliwaambia wakuu wa serikali kwamba dizeli safi inatoka mwambani, nao wakaenda kuitazama. Si haki kuwacheka walioamini peke yao. Watu hawaamini mambo kama hayo wakati vituo vina mafuta. Huyaamini pale mlango wa kweli unapofungwa mbele yao. Lawama iliyo kubwa zaidi ni ya mwenye elimu aijuaye hesabu ya Faraday na kuiweka darasani, asiifikishe gereji.

Yako maarifa mengine, yaliyo jirani na hayo, ambayo yalifanya kazi kweli. Mvuke wa maji ukipita juu ya makaa mekundu, makaa huunyang'anya oksijeni, na haidrojeni hutoka huru pamoja na monoksaidi ya kaboni. Gesi hiyo ikichujwa na kupozwa huendesha injini. Ufaransa iliyahimiza magari ya namna hiyo hata katika makoloni yake ya Afrika kabla ya Vita Kuu ya Pili, na wakati wa vita hivyo magari yapata milioni moja ya Ulaya yalibeba tanuri zao. Kilo 3 hivi za kuni kavu zilitosha kushika mahali pa lita 1 ya petroli, ingawa nguvu ya injini ilipungua sana. Hapa hesabu inakubali, kwa kuwa anayelipa ni kuni. Lakini kuni nazo zina bei. Tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka wa 1996 katika Wilaya ya Kasulu, misitu ya pande hizo imebeba mzigo wa meko za maelfu ya wakimbizi pamoja na za wenyeji. Nchi inayohesabu miti yake haiwezi kuilisha motokaa kwa wingi. Tena monoksaidi ya kaboni haina harufu, na huua watu waliofunga madirisha.

Je, ndoto ya maji ni batili kabisa? La. Historia ya Afrika yenyewe inashuhudia kwamba maji yamechanwa kwa umeme kwa faida kubwa, ila mahali pake. Kiwanda cha mbolea cha Aswan nchini Misri kilitengeneza haidrojeni yake kwa umeme wa mto Nile tangu mwaka wa 1960. Kile cha Kwekwe, Zimbabwe, kilifanya vivyo hivyo mpaka mwaka wa 2015. Viwanda hivyo vilitumia mabamba, seli za mfululizo na kanuni ileile ya Faraday. Tofauti ilikuwa moja tu: umeme wao ulitoka katika mto unaoanguka. Mto uangukao huleta nguvu mpya, iliyopandishwa mlimani na jua pamoja na mvua. Injini inayojilisha umeme wake yenyewe haileti kitu.

Na mto uangukao Kigoma unao. Maporomoko ya Igamba katika Malagarasi yamechaguliwa kwa mradi wa umeme uliokusudiwa kutoa megawati 49.5. Kwa miaka mingi umeme wa Kigoma, Kasulu na Kibondo ulitoka katika majenereta ya dizeli, yaani mafuta yaleyale ya mbali, kabla ya nyaya za gridi ya taifa kuanza kuzifikia wilaya hizo katika miaka ya 2020. Barabara ya kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu nayo imewekewa kazi ya lami. Umeme wa mto ukifika milimani, njia fupi ya kuutia katika pikipiki au motokaa ni betri. Kuupitisha kwanza katika haidrojeni ni kuzunguka mlima ambao njia imeupasua, isipokuwa kwa kazi ambazo betri haziziwezi, kama vile kutengeneza mbolea ya mashamba ya kahawa na maharage.

Basi fundi wa Manyovu aliyeyatazama maji akaona nguvu ndani yake hakukosea kuona. Nguvu imo, lakini imo katika kuanguka kwa maji, si katika kuungua kwake. Seli iliyoundwa vizuri humfundisha mwanafunzi umeme, kemia na hesabu, nayo inastahili meza katika kila shule ya sekondari ya Buha, pamoja na miwani ya macho na chupa ya kuzuia moto. Ikiwekwa shuleni humfaidia. Ikifungwa chini ya boneti humla. Na mwalimu atakayemwonyesha kijana, kwa ampea na lita, mahali faida inapogeuka hasara, atakuwa amemwokolea fedha ya mabamba, na macho yake, na akili yake isinunuliwe na mlaghai wa kwanza atakayepita na mtungi unaotoa mapovu.